Miles Romney, Fundi Seremala, na Jamaa Yake



Katika nchi zote watu hupenda kuuliza habari za wazee wao: walitoka wapi, walifanya kazi gani, na ni jambo gani lililowahamisha. Jamaa nyingi hazina la kujibu, kwa kuwa aliyejua amekwisha kufa na hakuna aliyeandika. Hotuba hii yaeleza habari za jamaa moja ambayo majibu yake yapo, maana watu wake waliacha barua na maandiko. Chanzo cha jamaa hiyo ni Mwingereza mmoja, fundi seremala na mjenzi, jina lake Miles Romney, aliyevuka bahari mwaka wa 1841 kwenda Marekani. Katika miaka iliyofuata watu wa nyumba yake walijenga na kupoteza makao mara nyingi, wakakimbia kutoka nchi mbili, na hata mwisho mmoja wao alishindania urais wa Marekani na mtu ambaye baba yake alizaliwa Kenya.

KIJANA WA DALTON

Miles Romney alizaliwa tarehe 13 Julai, 1806, katika mji mdogo wa Dalton-in-Furness, ambao zamani zile ulikuwa katika jimbo la Lancashire. Ukoo wa Romney ulijulikana huko kwa kazi za mikono. Mmoja wa ukoo huo, George Romney (1734-1802), mwana wa fundi wa makabati wa Dalton, alikwenda London akawa mchoraji mashuhuri wa picha za watu. Miles yeye alishika msumeno, randa na patasi. Seremala wa siku zile hakutengeneza milango na madirisha tu. Alipima na kusimamisha paa, alijenga ngazi, na mara nyingi yeye ndiye aliyechora ramani ya nyumba nzima na kuwasimamia wenziwe.

Mwaka wa 1830 alimwoa Elizabeth Gaskell, nao wakaja kukaa karibu na mji wa Preston. Preston ulikuwa mji wa viwanda vya pamba. Mabomba ya moshi yalisimama kila upande, na watu wazima na watoto walifanya kazi kwenye mitambo saa nyingi kila siku. Mwezi wa Julai, 1837, wahubiri wa kwanza wa madhehebu mapya kutoka Marekani waliingia Preston. Madhehebu hayo ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, ambalo watu wa nje huwaita wafuasi wake Wamormoni. Kabla ya mwezi ule kwisha watu tisa walikuwa wamebatizwa katika mto Ribble. Miles na Elizabeth walisikia mahubiri hayo, na baadaye wakaingia katika dini hiyo.

Hapo ndipo safari ilipoanza. Waingereza wengi wa karne ile walihama kwa kutafuta mashamba au mshahara ulio bora. Romney alikuwa na ufundi wake, na fundi hodari hakukosa kazi katika Uingereza. Aliondoka kwa sababu viongozi wa dini yake waliwaita waumini wakusanyike mahali pamoja, wajenge mji wao wenyewe. Mwaka wa 1841 yeye na mkewe na watoto walipanda merikebu ya tanga, wakavuka bahari ya Atlantiki mpaka New Orleans, kisha wakapanda meli ya moshi kuukwea mto Mississippi mpaka mji wa Nauvoo, katika jimbo la Illinois.

HEKALU LILILOACHWA

Nauvoo ulikuwa mahali pa kinamasi na homa, nao wahamiaji waliyaondoa maji kwa mifereji na kugawa viwanja. Mahali kama hapo mjenzi ana thamani kubwa. Mwezi wa Aprili mwaka ule ule wa 1841 mawe ya msingi wa hekalu yalikuwa yamewekwa kilimani, na Romney akawa miongoni mwa mafundi wake. Mawe yalichongwa katika machimbo ya pale pale. Kazi iliendeshwa kwa zaka: asiyekuwa na fedha alitoa siku moja katika kila siku kumi, akaja na nyundo yake au na gari lake la ng'ombe.

Lakini majirani wa Illinois hawakupendezwa na mji huu. Waliogopa wingi wa kura za Wamormoni, na jeshi lao la mji. Tena uvumi wa ndoa za wake wengi ulikuwa umeenea. Tarehe 27 Juni, 1844, kundi la watu wenye silaha lilivamia gereza la Carthage na kumwua Joseph Smith, mwanzilishi wa kanisa, pamoja na Hyrum nduguye. Mwezi wa Februari, 1846, waumini walianza kuvuka mto katika baridi kali na kuelekea magharibi. Hata hivyo mafundi kadha walibaki nyuma wakipiga misumari na kupaka rangi, maana walikuwa wameahidi kulimaliza hekalu. Liliwekwa wakfu tarehe 1 Mei, 1846, na wenyewe wakaliacha. Mwaka wa 1848 likateketezwa kwa moto, na mwaka wa 1850 kimbunga kikaangusha sehemu kubwa ya kuta zilizosalia.

Fikirini jinsi fundi anavyoona habari kama hiyo. Mtu amekata mbao kwa miaka mitano, ameziunga kiungo kwa kiungo, kisha anaondoka bila kuishi chini ya paa alilolijenga. Jamaa ya Romney walikaa kwa muda katika Iowa na Missouri, wakifanya kazi ili wapate fedha ya magari na ng'ombe. Mwaka wa 1850 waliwasili katika bonde la ziwa la chumvi, mahali panapoitwa leo Salt Lake City, baada ya kuvuka nyika na milima mirefu.

MJI WA MAWE MEKUNDU

Miaka kumi na mmoja baadaye wito mwingine ulikuja. Mwezi wa Oktoba, 1861, viongozi walitaja majina ya jamaa kama 300, wakaambiwa waende kusini kabisa ya Utah wakapande pamba. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikuwa vimeanza katika Marekani mwaka ule, na pamba ya majimbo ya kusini haikupatikana tena kwa urahisi. Jamaa ya Romney nao walihamia huko.

Mji uliitwa St. George. Ni nchi ya jua kali na udongo mwekundu. Wakulima walijenga maboma ya kuzuia maji ya mto Virgin, na kila mafuriko yalipokuja maboma yalichukuliwa, wakajenga tena. Katika hali hiyo ya njaa walianza, mwezi wa Juni, 1863, kujenga nyumba kubwa ya mikutano na sala. Wenye akili za hesabu wangesema kwamba watu wasioshiba hawajengi jumba. Lakini kazi ile iliwapa mafundi posho kutoka katika zaka za wilaya nyingine, na tena iliwapa watu sababu ya kutoondoka.

Miles Romney ndiye aliyesimamia ujenzi. Mawe mekundu yalichongwa kilimani kwa mkono, mbao zilishushwa kutoka msitu wa Pine Valley, kiasi cha maili 30, na vioo vya madirisha vilitoka New York kwa meli mpaka California, kisha kwa magari ya kukokotwa jangwani. Kazi ilichukua miaka kumi na mitatu, ikamalizika mwaka wa 1876. Ndani yake mna ngazi mbili za kuzunguka ambazo husifiwa kuwa kazi ya Romney. Mwaka uliofuata, 1877, alifariki katika mji huo akiwa na umri wa miaka 70. Nyumba ile ingali imesimama, na watu wangali wanakwenda kuitazama.

WAKE NA SHERIA

Mwanawe, Miles Park Romney, alizaliwa Nauvoo mwaka wa 1843 na akajifunza useremala kwa baba yake. Mwezi wa Mei, 1862, alimwoa Hannah Hood Hill. Baada ya muda mfupi kanisa lilimtuma kuhubiri Uingereza, akakaa huko kiasi cha miaka mitatu. Bibi Hannah alibaki na mimba, akazaa mtoto wa kwanza mumewe hayupo, akajipatia riziki kwa kufua nguo za watu.

Mume aliporudi, aliagizwa na viongozi aoe mke wa pili. Bibi Hannah aliandika habari za maisha yake katika uzee, wala hakuficha kwamba jambo hilo lilimwumiza sana. Hata hivyo aliipokea kama amri ya dini, akamtengenezea mke mwenziwe chumba. Mke yule wa pili hakustahimili, akaachana na mume. Baadaye Miles Park aliwaoa wengine, hata hesabu ya wake wote aliopata kuoa ikawa watano, na watoto wake wakafika 30.

Watu wa Afrika hawana haja ya kuelezwa kwamba ndoa ya wake wengi ina kanuni zake, na kwamba raha na taabu zake hukaa nyumba moja. Lakini katika Marekani ilikuwa kinyume cha sheria. Bunge lilipitisha sheria ya kwanza ya kuikataza mwaka wa 1862. Mwaka wa 1879 mahakama kuu iliamua kwamba dini haiwezi kuwa udhuru wa kuvunja sheria hiyo. Sheria ya mwaka wa 1882 ikaongeza adhabu kwa mtu aliyeishi na wake zaidi ya mmoja: kifungo cha miezi sita au faini ya dola 300, au yote mawili, na kunyimwa kura.

Wakati huo Miles Park alikuwa amehamishiwa St. Johns, katika Arizona, ambako alikuwa pia mhariri wa gazeti. Gazeti la wapinzani lilitaka waziwazi watu wa namna yake wanyongwe. Mwaka wa 1885 alikimbilia Meksiko. Jamaa yake walimfuata baadaye kwa vikundi, na Bibi Hannah alisafiri na watoto kwa gari la kukokotwa, kupita nchi yenye hatari.

MAKAO YA MEKSIKO

Wahamiaji walipofika katika jimbo la Chihuahua walikaa kwanza katika mashimo yaliyochimbwa ukingoni mwa mto, na katika vibanda vya magogo vilivyoezekwa kwa udongo. Kisha wakagundua kwamba ardhi waliyokwisha kuianza ilikuwa mali ya mtu mwingine. Ilibidi wahame tena, wapande juu ya mto wa Piedras Verdes kwenye bonde jembamba lenye mawe. Huko walijenga mji wa Colonia Juárez. Mwezi wa Mei, 1887, tetemeko kubwa la ardhi lilitikisa nchi, na wazee wa mji walisimulia kwamba baada yake maji ya mto yaliongezeka.

Katika miaka ishirini mahali pale paligeuka. Palikuwa na nyumba za matofali, mashamba ya matunda, vinu na shule. Miles Park alijenga hapo kama baba yake alivyojenga St. George, na alifariki mwaka wa 1904. Mwanawe Gaskell, aliyepewa jina la ukoo wa nyanya yake wa Uingereza, alishika kazi ile ile ya ujenzi katika Colonia Dublán. Kanisa lilikuwa limetangaza mwaka wa 1890 kwamba linaacha ndoa za wake wengi, naye Gaskell alimwoa Anna Amelia Pratt peke yake mwaka wa 1895. Mtoto wao George alizaliwa mwaka wa 1907.

Mapinduzi ya Meksiko yalianza mwezi wa Novemba, 1910. Majeshi yalipita yakidai farasi, chakula na bunduki. Mwezi wa Julai, 1912, jemadari mmoja wa waasi aliwaambia wakoloni watoe silaha zao zote. Waliona kwamba hawawezi kukaa tena. Wanawake na watoto walipakiwa katika magari ya moshi mpaka El Paso, Texas, kila jamaa na mzigo mdogo tu. Wengi walilala katika vibanda vya ghala la mbao, na serikali ya Marekani, iliyowafukuza babu zao, sasa iliwapa posho. George alikuwa mtoto wa miaka mitano.

Gaskell alikuwa ameacha nyumba, karakana na mali yote. Aliidai serikali ya Meksiko fidia, akapata mwaka wa 1938, kiasi cha theluthi moja ya alichokidai. Ilikuwa miaka 26 baadaye. Katika muda huo alikwenda California, kisha Idaho, kisha Salt Lake City, mara akijenga nyumba, mara akilima viazi. Alifilisika zaidi ya mara moja: bei zilianguka baada ya Vita Kuu ya kwanza, na tena wakati wa hali mbaya ya fedha iliyoanza mwaka wa 1929. Kila mara alianza upya kwa vifaa alivyokuwa navyo mikononi. Wanawe walifanya kazi pamoja naye, na George alijifunza kupiga lipu ukutani akiwa angali kijana.

MJUKUU NA KITUKUU

George Romney hakupata shahada ya chuo kikuu. Hata hivyo mwaka wa 1954 alikuwa mkuu wa kampuni ya American Motors huko Michigan, akaiokoa kwa kutengeneza motokaa ndogo wakati wenziwe walipotengeneza kubwa. Tangu Januari, 1963, hata Januari, 1969, alikuwa gavana wa jimbo la Michigan. Mwezi wa Juni, 1963, aliandamana na watu waliodai haki ya Wamarekani weusi kuishi katika mitaa yote bila kubaguliwa.

Hapa pana jambo lisilofaa kupitwa. Kanisa la jamaa hiyo, ambalo wazee wao waliliteswa kwa ajili yake, lilikuwa lenyewe linawanyima watu weusi daraja ya ukuhani, na katazo hilo halikuondolewa mpaka mwezi wa Juni, 1978. George alitetea sheria za haki ijapokuwa mkubwa mmoja wa kanisa alimwandikia barua ya kumwonya. Aliyewahi kufukuzwa si lazima awe mwema kwa mwingine. Ni juu ya kila mtu kuchagua.

Mwaka wa 1969 alifanywa waziri wa nyumba na maendeleo ya miji katika serikali ya Marekani, akashika kazi hiyo mpaka 1973. Kitukuu wa seremala wa Dalton alipewa kazi ya kuwatafutia raia nyumba za kukaa. Alijaribu kuhimiza nyumba zitengenezwe viwandani kwa vipande ili bei ishuke, na alitaka nyumba za watu wa kipato kidogo zijengwe pia katika vitongoji vya Wazungu, jambo lililomletea upinzani mkubwa. Alifariki mwaka wa 1995.

Mwanawe Mitt, aliyezaliwa mwaka wa 1947, alikuwa gavana wa Massachusetts tangu 2003 hata 2007. Mwaka wa 2012 alisimama kuwa mgombea wa urais, na mpinzani wake alikuwa Rais Barack Obama. Watu wa Kenya wanaijua jamaa ya pili. Baba yake Obama alitoka Nyanza, akaenda kusoma Hawaii mwaka wa 1959, na babu yake, Mzee Hussein Onyango Obama, mpishi kwa kazi yake, alikuwa na wake zaidi ya mmoja. Basi wagombea wawili wa nchi yenye nguvu walikuwa wajukuu na vitukuu wa nyumba za wake wengi, moja ya pande za ziwa Viktoria na moja ya jangwa la Chihuahua. George Romney alipotaka urais miaka ya 1967 na 1968, watu waliuliza kama mtu aliyezaliwa Meksiko ana haki hiyo. Na Obama alizushiwa kwamba hakuzaliwa Marekani, jambo lisilo la kweli. Obama alishinda uchaguzi ule wa tarehe 6 Novemba, 2012.

MAFUNDISHO YA HABARI HII

Mtu akitazama njia hii tangu 1806, ataona kwamba mali haikurithiwa sana katika jamaa ya Romney. Nyumba ya Nauvoo iliachwa, ya Arizona iliachwa, ya Meksiko iliachwa. Kilichopita kutoka kwa baba hata kwa mwana ni ufundi, na desturi ya kuanza tena bila kungoja fidia. Ujuzi ulio mkononi hauchukuliwi na mwasi wala na mafuriko.

Ataona pia kwamba nusu ya habari ingepotea lau wanawake wasingeandika. Majengo yaeleza kazi ya wanaume. Ni Bibi Hannah aliyeeleza nani alifua nguo mume alipokuwa ng'ambo, nani aliwavusha watoto jangwani, na moyo wake ulikuwaje siku mwenziwe alipoingia nyumbani. Barua za Bibi Catharine Cottam, mke mwingine wa Miles Park, zilihifadhiwa na kupigwa chapa mwaka wa 1992, nazo zasomwa mpaka leo.

Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Jamaa hii mali yao iliisha mara nyingi, lakini daftari ilibaki. Kila nyumba ina mzee anayekumbuka ni nani alihama, mwaka gani wa njaa au wa vita, na kwa sababu gani. Mwenye kalamu na akae naye jioni moja, aandike majina ya baba na ya mama pia, na mahali walipozaliwa, na kazi za mikono yao. Ayaandike na yasiyopendeza, kama Bibi Hannah alivyofanya. Kisha daftari iwekwe mahali pasipo mchwa.